Chui wa Kuazima

Wapenzi wa katuni za mashujaa wana mchezo wao wa siku nyingi: kuipekua picha mpaka waone mahali halisi palipochorwa. Steve Ditko, aliyemchora Spider-Man tangu hadithi yake ya kwanza mwaka 1962, hakuwa na haja ya kuandika jina la New York kwenye kila ukurasa. Alichora matangi ya maji juu ya mapaa na ngazi za chuma zilizoning'inia nje ya kuta, na msomaji wa Queens akajua yuko kwao. Wakanda ya Jack Kirby, iliyoibuka mwaka 1966, haikupata bahati hiyo. Ilikuwa Afrika isiyo na sanduku la posta.

Kwa msomaji wa Kibiti, pwani ya Tanzania, mchezo huu ungekwisha kabla haujaanza, kama si hadithi moja iliyochapishwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilitoka ndani ya Pif Gadget, gazeti la watoto lililokuwa chini ya mwavuli wa Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa na lililouzwa pamoja na kichezeo kila wiki. Kichwa chake kilitaja watu-chui wa Rufiji. Aliyeiandika na kuichora ni Hugo Pratt, Mtaliano, na shujaa wake ni Corto Maltese, nahodha asiye na meli.

Corto hana joho wala nguvu za kimiujiza. Ana hereni sikioni, kofia ya baharia, na tabia ya kusema kwamba jambo halimhusu wakati ameshaamua kuliingilia. Hata hivyo kazi yake ni ileile ya mashujaa wote: anafika ugenini, anakuta haki imepindishwa, anainyoosha kidogo, kisha anaondoka. Tofauti ni kwamba mahali anapofika pana jina kwenye ramani, na mwaka anaofika una historia inayoweza kukaguliwa. Ndiyo maana nimempa sura nzima. Wachoraji wengi wa mashujaa hawakuwahi kutuweka kwenye ramani. Pratt alituweka, kwa hiyo anastahili kusomwa kwa heshima na kwa ukali pia.

Pratt alizaliwa mwaka 1927 karibu na Rimini, akakulia Venice. Akiwa na miaka kumi alipelekwa Ethiopia, ambako baba yake alikuwa askari wa utawala wa Mussolini. Akavishwa sare akiwa bado kijana mdogo. Waingereza walipoiteka nchi ile mwaka 1941 baba yake alikamatwa, na akafia kifungoni. Hugo akarudishwa Italia mwaka 1943. Miaka ya 1950 alikuwa Argentina, akichora hadithi za vita na za mipakani, na Corto alimzaa mwaka 1967. Kwa hiyo Afrika ya Pratt, yenye ngome za mpakani na askari wa mataifa manne wakitazamana juani, hakuitoa kwenye filamu. Aliishi ndani yake, upande wa mkoloni, akiwa na umri wa kuona kila kitu na kutoelewa nusu yake. Alikuwa mlevi wa sare. Vifungo, mikanda, vilemba vya askari, namba za vikosi: hayo alikuwa nayo kichwani, na mengine aliyatafuta katika maktaba yake ya maelfu ya vitabu. Hadithi nne za Corto katika ukanda wetu zilikusanywa chini ya jina *Le Etiopiche*. Zinaanzia upande wa pili wa Bahari ya Shamu, zinapita Usomali na Ethiopia, na ya nne inashuka hadi Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwaka wa mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Siisimulii hapa, mwenye kuitaka ataisoma. Ninachotaka kukiangalia ni mahali.

Shuka Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, maji yakiwa yametoka. Boti za Mafia zimelala ubavu, watu wamekaa juu ya magunia na ndoo, na ukiuliza safari ni saa ngapi utajibiwa habari ya maji, si ya saa. Mbele yako mikoko imesimama juu ya mizizi iliyopinda, shina halijagusa ardhi. Pembeni yake kuna michu, ambayo mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni wima, mamia kwa mamia, na kaa wanakatiza katikati yake. Jua likiwa juu, chini ya majani panakuwa giza hasa. Rangi ya kijani inabaki juu tu, kule chini ni weusi na mng'ao wa tope. Delta hii ina takriban hekta 50,000 za msitu wa namna hiyo, na sehemu kubwa ya visiwa vyake vya kaskazini sasa iko katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010.

Mchoraji wa kalamu nyembamba angehangaika hapa. Angehesabu mizizi mpaka achoke. Pratt alikuwa wa shule nyingine, ile aliyojifunza kwa kumtazama Milton Caniff, Mmarekani aliyechora pwani za China akiwa mezani kwake. Mtu wa shule hiyo hachori kitu. Anachora kivuli cha kitu, kisha anaacha karatasi nyeupe ifanye kazi iliyobaki. Brashi imejaa wino, mkono hautetemi, na penye mkoko anaweka doa zito lenye miguu. Ndege wa baharini kwake ni mikwaruzo miwili mitatu. Naamini hakuna mkono wa mchoraji wa Ulaya uliofaa zaidi kwa delta yetu kuliko ule, kwa sababu delta yenyewe imechorwa hivyo hivyo: nyeusi, halafu nyeupe ya maji, halafu nyeusi tena.

Vita navyo vilikuwepo, na vilikuwa vya kutosha kujaza vitabu kumi. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia Zanzibar alfajiri na kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus, mabaharia zaidi ya thelathini wakafa. Kisha ikatoweka. Ilikuwa imejichimbia ndani ya delta, karibu na Salale, imefunikwa matawi ya mikoko ili isionekane kutoka baharini. Waingereza walipoigundua hawakuweza kuifuata, maana meli zao kubwa zingekwama. Wakaleta ndege, ya kwanza ikiruka kutoka kisiwa kidogo karibu na Mafia, ikirushwa na rubani wa kiraia aliyeitwa Dennis Cutler. Hatimaye wakaleta meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya Brazil ili zitembee kwenye mito ya Amazon. Zilikokotwa kutoka Malta kupitia Suez hadi Mafia. Jambo hilo lingemchekesha Corto, mzaliwa wa Valletta. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia kwa mlango wa Kikunya zikashindwa. Tarehe 11 zikarudi, na Königsberg ikalipuliwa na mabaharia wake wenyewe ili isitekwe.

Mizinga yake kumi iliopolewa, ikawekewa magurudumu, ikapigana nchi kavu pamoja na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Meli yenyewe ilibaki topeni. Mwaka 1924 haki ya kuichokonoa iliuzwa kwa pauni 200, wanunuzi wakavua shaba na madini mengine, na mwaka 1966 mabaki yake yakadidimia chini ya mto. Mwaka uliofuata Corto akazaliwa kwenye karatasi.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo hupitwa haraka na waandishi wa manowari. Baada ya shambulio la Zanzibar mashine za Königsberg ziliharibika, na delta haina karakana. Basi vipande vilivyovunjika vilivutwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia moja, vikatengenezwa, kisha vikavutwa tena kurudi. Vilivutwa na watu. Hapakuwa na lami, hapakuwa na daraja. Palikuwa na mchanga, vijito, mabonde ya mpunga na jua la kabla ya mvua za vuli. Fikiria picha moja ya upana wa kurasa mbili: kushoto kipande cha chuma, kulia safu ya wanaume walioinama, kamba mabegani, na mwisho wa safu unatoka nje ya ukingo wa karatasi. Kamanda wa meli, Max Looff, ana jina katika kila kitabu cha vita vile. Wavutaji hawana hata idadi ambayo ningethubutu kuiandika hapa.

Filamu ya mwaka 1976 iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith kuhusu meli hii, Roger Moore na Lee Marvin wakiwa ndani yake, haikuja Rufiji kabisa. Ilipigwa Port St Johns, Afrika Kusini, na Malta. Kwa kipimo hicho Pratt ni mtu mwaminifu.

Lakini uaminifu wake unaishia kwenye vitu. Ukifika kwa watu, mambo yanabadilika, na hapa ndipo penye ugomvi wangu naye.

Watu-chui si wa Rufiji. Habari za anyoto, watu wanaojivika ngozi ya chui na kucha za chuma kisha kuua usiku, ni za kaskazini-mashariki ya Kongo, na zilikuzwa sana na maofisa wa Kibelgiji waliozitumia kuonyesha kwamba nchi ile bila wao ingekuwa pori. Mwaka 1913 mchongaji Paul Wissaert alitengeneza sanamu ya mtu-chui akimnyemelea mtu aliyelala, na sanamu hiyo ikawekwa katika makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Hergé, aliyemchora Tintin akiwa Kongo mwaka 1930 na 1931 bila yeye mwenyewe kukanyaga Kongo, aliichukua kutoka hapo. Kuanzia hapo chui amekuwa mali ya umma kwa wachoraji wa Ulaya: anayetaka siri ya Kiafrika humvisha mtu ngozi yenye madoa. Mwaka 2002 mchoraji wa Kinshasa, Chéri Samba, alichora picha ya Wakongo wakiikokota sanamu ileile kuitoa nje ya makumbusho huku Wabelgiji wakiivuta irudi ndani. Hakuna mhakiki aliyewahi kuieleza vizuri zaidi safari ya mnyama huyo.

Pratt anamtendea mtu-chui wake kwa adabu kuliko Hergé. Kwake hao ni watu wenye sheria na hukumu zao, si vichekesho, na Corto haji kuwafundisha chochote. Nampa sifa hiyo bila kusita. Ila ni chui wa kuazima. Mtu aliyetafuta vifungo sahihi vya sare ya Mjerumani hakuhangaika kutafuta Wandengereko au Warufiji waliogopa nini usiku.

Na tuseme kweli, hadithi ya kundi la siri linaloua usiku Rufiji haisomeki tena kama burudani tupu. Mwaka 2017 Watanzania wengi walilijua jina la Kibiti kupitia taarifa za mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi. Mwenyeji aliyeishi siku zile hahitaji ngozi ya mnyama ili aelewe hofu ya mlango kugongwa.

Mnyama wa Rufiji ni simba. Mlango mmojawapo wa delta unaitwa Simba Uranga, na manahodha wa Kiingereza waliupigia mahesabu wee bila kujali jina. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu watu 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu 1990, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa zaidi, pamoja na Lindi. Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja alihusishwa na vifo vya watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji. Wanakijiji walimwita Osama. Alipouawa, Aprili 2004, alionekana kuwa dume changa, ana jipu kwenye gego.

Chanzo cha vifo vingi hivyo hakikuwa simba peke yake. Kilikuwa nguruwe pori. Nguruwe anakula mpunga na mahindi usiku, kwa hiyo mkulima analala shambani kumlinda asile, na simba anamfuata nguruwe, halafu anamkuta mkulima. Mkulima amelala dunguni, kibanda juu ya nguzo, pengine hakina ukuta wa maana, na ngazi yake ni gogo lenye vikato vya kukanyagia. Chini amewasha moto. Ana debe la kugonga na kamba iliyofungwa kwenye makopo upande wa pili wa shamba, ili akiivuta kelele zitoke mbali. Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960 iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda juu, lakini shamba halikuhama, na hivyo watu waliendelea kushuka na kulala dunguni kila msimu. Nani alikuwa nyuma ya simba, simba wa kweli au simba wa kutumwa? Katika vijiji vya kusini swali hilo halijawahi kuwa la kitoto. Na si kusini tu: mwaka 1946 hadi 1948 huko Singida, watu walishtakiwa na kuhukumiwa kwa mauaji yaliyodaiwa kuwa ya watu-simba. Pratt angeweza kulipata hilo bila kwenda Kongo.

Umberto Eco, aliyempenda sana Pratt, aliwahi kuandika kuhusu jiografia ya Corto na kuonyesha kwamba haikamiliki. Visiwa na safari zake havikai sawa ukivifuatilia kwa rula. Kwa Eco hilo lilikuwa sehemu ya raha. Kwa Venice, raha hiyo imekuwa na manufaa: Guido Fuga na Lele Vianello, waliofanya kazi na Pratt, walitoa kitabu cha kumwongoza mgeni katika vichochoro vya mji ule kwa kufuata michoro ya Corto. Mji wenye picha nyingi unaweza kustahimili makosa ya mmoja. Rufiji ina picha chache mno. Picha moja ikikosea, kwa msomaji wa mbali hiyo ndiyo Rufiji.

Mgeni wa Corto akija huku, mwongozo wake ungekuwa mfupi. Apande basi Mbagala Rangi Tatu, aiache barabara ya Kilwa maeneo ya Bungu, ateremke hadi Nyamisati, akodi boti mpaka Salale akiwa amesoma maji. Meli hataiona. Ataona wavuvi wa kamba, mashamba ya mpunga katikati ya visiwa, na rundo la boriti. Serikali ya Kijerumani ilianza kuitawala biashara ya mikoko ya delta hii mwaka 1898, na hadi leo ukimtaja bwana misitu mazungumzo yanapoa.

Wachoraji wetu wenyewe walikuwa na shughuli mjini. Philip Ndunguru, aliyefariki akiwa kijana mwaka 1986, alimpa Ndumilakuwili wa jarida la *Sani* ujanja wa mtu wa Dar es Salaam. Kingo wa James Gayo naye ni wa mitaa. Siwalaumu. Msomaji alikuwa mjini na gazeti liliuzwa mjini. Lakini ujuzi upo, na nyuma ya ile mikoko kuna kisa cha shujaa ambacho kingemfanya Stan Lee, mwandishi wa Spider-Man, aache chakula mezani.

Kilitokea Ngarambe, kusini ya mto, katika miezi ya kabla ya Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akaingia kwenye bwawa la maji. Jamaa zake walijaribu kumzuia wakashindwa. Waogeleaji wakapiga mbizi kumtafuta, wasimpate. Siku ya pili akatoka mwenyewe, mzima, nguo zake kavu, akaanza kusema mambo ambayo yangewakusanya watu wa makabila mengi dhidi ya Mjerumani. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Ebrahim Hussein alikifikisha kisa hicho jukwaani kwa tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyochapishwa mwaka 1969. Kwenye katuni kingetaka mkono kama wa Pratt, wenye weusi mzito na maneno machache.

Ugumu wake ni wa kiufundi, na ningependa kuona mtu akiuhangaikia. Nguo kavu haichoreki kwa wino mweusi. Karatasi haijui tofauti ya ukavu na weupe mtupu. Njia ni kuanza na wale waliopiga mbizi. Wasimame ukingoni, nguo zimewaganda mwilini, matone yanadondoka kwenye vidole, tope limefika magotini, kila mkunjo wa kitambaa uwekewe wino mpaka ukurasa ulemee upande wao. Halafu upande wa maji aachiwe nafasi mtu mmoja tu, achorwe kwa mistari isiyozidi sita, na upepo uipeperushe shuka yake.